Uraibu wa reli: Hazina ya kisiwa cha Mombasa inayopotea

MNAMO Mei 30, 1896, kipande cha kwanza cha Reli ya Uganda kililazwa Kilindini, katika kisiwa cha Mombasa. Miaka 121 baadaye, Mei 31, 2017, treni ya Madaraka Express ilizinduliwa kutoka Miritini, upande wa bara. Mwaka huo huo, safari za abiria za usiku zilizokuwa zikiondoka katika stesheni ya kisiwani kwenda Nairobi zikafikia kikomo.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna historia ndefu, na kuna uraibu ambao katika mataifa mengine una wapenzi wengi: kufuatilia historia ya reli na kuunda magarimoshi madogo ya mfano. Matawi hayo mawili hutegemeana. Mwenye kuunda garimoshi dogo hulazimika kujua vipimo, rangi na majina ya lile kubwa. Naye mwenye kutafiti hupata njia ya kuwaonyesha wengine kile ambacho hakipo tena.

Kwa mkazi wa Mombasa, pa kuanzia ni mlangoni pake.

Toroli za Mji wa Kale

Kabla ya Reli ya Uganda palikuwa na jaribio jingine. Mwaka 1890, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kujenga reli nyembamba yenye upana wa futi 2, yaani takriban milimita 610, ikielekea bara. Ilifika maili 7 hivi, ikaachwa.

Vyuma vyake havikutupwa. Vilitumiwa kutandaza njia za toroli kisiwani, kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Toroli ilikuwa kiti juu ya magurudumu manne, chenye kitambaa cha kukinga jua, na ilisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake. Maafisa wa serikali ya kikoloni walikuwa na toroli zao, na vijia vya reli viliingia hadi kwenye nyumba zao. Motokaa zilipoenea, toroli zikatoweka.

Mtu anayepita leo kutoka Ngome ya Yesu kuelekea Barabara ya Nkrumah hataona reli hizo. Zimebaki katika picha na kadi za posta za mwanzo wa karne ya 20, na ndiyo sababu kadi hizo hutafutwa sana na wapenzi wa historia ya reli. Picha moja ya barabara yaweza kuonyesha njia ilipita wapi, ilipinda wapi na majengo gani yalikuwa kando yake.

Kuvuka Makupa

Reli kubwa, iliyosimamiwa na mhandisi mkuu George Whitehouse, ilikuwa na upana wa mita 1. Ili kutoka kisiwani ilibidi ivuke mkono wa bahari hapo Makupa. Daraja la kwanza lilikuwa la mbao, likaitwa Salisbury kwa heshima ya waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo.

Kutoka hapo reli ilifika Nairobi Mei 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, mwendo wa zaidi ya kilomita 930. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 ndio wanaokumbukwa zaidi, lakini maradhi na ajali viliua watu wengi kuliko simba.

Majitu ya mvuke

Fahari ya njia ya Mombasa ilikuja baadaye. Kati ya 1955 na 1956, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya garimoshi vya daraja la 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester. Vilikuwa vya muundo wa Garratt: tangi la mvuke katikati, na seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na nyingine nyuma. Muundo huo uliuwezesha mzigo mzito kusambaa juu ya magurudumu mengi na kichwa kirefu kupinda konani.

Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na kiliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600. Hivyo ndivyo vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutumika kwenye reli ya upana wa mita 1 duniani. Vilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki.

Vya mwisho viliondolewa kazini mwaka 1980. Kati ya 34 vimehifadhiwa 2 tu, Mount Gelai na Mount Shengena, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyoanzishwa mwaka 1971. Vingine viliishia kuwa vyuma chakavu.

Reli juu ya meza

Hapa ndipo kazi ya mikono inapopata maana. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, kichwa cha daraja la 59, chenye urefu wa karibu mita 32, huwa na sentimita 36 hivi.

Hesabu hiyo hiyo husimulia historia yote ya Mombasa. Njia ya toroli huwa milimita 7. Reli ya mwaka 1896 huwa milimita 11.5, na waundaji hutumia reli za milimita 12 zinazouzwa tayari. Reli ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, huwa milimita 16.5. Zikiwekwa sambamba juu ya meza moja, mtoto huelewa kwa mara moja kile ambacho kitabu hueleza kwa kurasa nyingi.

Gharama si lazima iwe kubwa. Watoto wa pwani wameunda magari ya waya na makopo kwa miaka mingi. Kadibodi, mbao nyembamba, gundi na rula vyatosha kuanza. Anayenunua reli za umeme achague zile za aloi ya shaba na nikeli, kwa kuwa chuma cha kawaida hushika kutu haraka katika hewa ya chumvi.

Tahadhari na wajibu

Kupiga picha au kuingia katika maeneo ya reli na bandari kunahitaji ruhusa. Vilevile, mpenzi wa kweli hanunui vipuri vilivyong'olewa relini. Biashara hiyo huharibu kile anachotaka kukihifadhi, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni.

Kilicho wazi kwa kila mtu ni kumbukumbu. Nyaraka za serikali zimo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Nairobi. Lakini tiketi za kadibodi, ratiba, sare na picha za kazini zimo masandukuni mwa familia za waliokuwa madereva, mafundi na makarani wa stesheni. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 mwaka daraja la 59 lilipostaafu alizaliwa 1960. Wale waliolipokea jipya kutoka melini ni wazee sana, ikiwa wangali hai.

Nyaraka zaweza kungoja. Wazee hao hawawezi. Anayetaka kuanza uraibu huu leo hahitaji garimoshi la mfano kwanza. Anahitaji daftari, kalamu na jirani aliyestaafu kutoka reli.