Uyu mwaka njo wetu: kwa nini watu wa Lupopo hawachoki?

Msimu mpya ukikaribia, Lubumbashi yote inasikia sentensi moja: "Uyu mwaka njo wetu." Inasemwa sokoni, ndani ya taxi-bus, hata kwenye vibaraza vya chuo. Anayeisema anapenda njano na bluu za Saint-Éloi Lupopo. Anayemcheka ni mtu wa Mazembe, wa nyeusi na nyeupe. Na sababu ya kucheka anayo: mara ya mwisho Lupopo kuwa bingwa wa Kongo ilikuwa 2002. Wengi wetu hapa tulikuwa watoto, wengine hawajazaliwa. Sasa hawa watu wanatoa wapi uhakika huo?

Tuanzie kwenye jina. Mtakatifu Éloi alikuwa mfua dhahabu wa Ufaransa, karne ya 7, na Wakatoliki wanamheshimu kama mlinzi wa mafundi wa chuma. Timu ilizaliwa 1939 katika dunia ya reli, na mpaka leo inaitwa Cheminots, watu wa reli. Treni ya kwanza ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini. Kisha kampuni ya BCK ikasukuma njia mpaka Kasai, ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Reli haikubeba shaba tu. Ilitoa kazi, nyumba na heshima. Papa akiwa mtu wa reli, mtoto alizaliwa mtu wa Lupopo. Hakuna aliyemuuliza.

Mwaka uleule, 1939, mapadri Wabenedikto walianzisha timu nyingine mjini. Ile ikaja kuitwa Englebert, kisha Mazembe. Kwa hiyo hawa wawili ni wa umri mmoja. Lupopo ilichukua ubingwa wa taifa 1968, 1981, 1986, 1990 na 2002. Si timu ndogo inayoota makubwa. Ni timu kubwa inayokumbuka.

Lakini kilichoibeba kilianguka. Shirika la reli, SNCC, lilifika mahali pa kukaa miezi mingi bila kulipa wafanyakazi. Leo shaba nyingi inatoka kwa malori, foleni ndefu mpaka Kasumbalesa. Shirika halikuweza tena kujibeba lenyewe, sembuse timu. Mashabiki wao walibaki. Kwa familia nyingi, Lupopo ndiyo kitu cha mwisho cha ile dunia ya reli ambacho bado kinatembea. Ndiyo maana kumwambia mzee wa Lupopo "acheni kujidanganya" ni sawa na kumwambia maisha yake yote yalikuwa bure. Hawezi kukubali, na usitegemee akubali.

Halafu wana hoja, na hoja yao ni ya kihistoria. Wanasema: angalia Mazembe. Ilichukua Kombe la Afrika la mabingwa 1967 na 1968, na kombe la washindi mwaka 1980. Kisha? Kimya cha bara lote, miaka 29, mpaka 2009. Nyumbani pia, baada ya ubingwa wa 1976 ilingoja mpaka 1987, na baada ya hapo mpaka 2000. Wale waliosema "uyu mwaka njo wetu" mwaka 1995 walichekwa vilevile. Mwaka 2010 walikuwa Abu Dhabi, wakicheza finali ya dunia ya vilabu na Inter Milan, baada ya kuitoa Internacional ya Brazili 2-0. Kama jirani aliamka, kwa nini sisi tusiamke?

Hapa ndipo ninapowaambia rafiki zangu wa njano na bluu: someni hadithi ya jirani mpaka mwisho. Mazembe haikuamshwa na kungoja. Moïse Katumbi aliichukua 1997, akaweka pesa yake mwaka baada ya mwaka. Uwanja wao wenyewe Kamalondo ukafunguliwa 2011, na shule ya mpira kwa vijana ikafuata. Lupopo nayo ilipata mkubwa wa kuibeba, Jacques Kyabula, aliyekuwa pia gavana wa Haut-Katanga. Matunda yameonekana: msimu wa 2022-23 makundi ya Kombe la Shirikisho, na Oktoba 2025 iliitoa Orlando Pirates ya Afrika Kusini kwa penalti, baada ya kila timu kushinda 3-0 nyumbani kwake. Usiku ule, kweli, hakuna aliyecheka. Lakini kiti cha gavana si cha milele. Mkubwa akiondoka, timu itasimama juu ya nini?

Sisi wenye diploma tunaijua vizuri hiyo sentensi. Kila Januari tunasema mwaka huu kazi itapatikana. Si vibaya kusema. Asiyetumaini hata dosye hapeleki. Ila tumaini la Lupopo linahesabu miaka ya kungoja, halihesabu kinachojengwa wakati wa kungoja. Tangu reli ianguke, klabu imetoka mikono ya shirika ikaingia mikono ya mtu mmoja baada ya mwingine, na mashabiki hawajawahi kuulizwa kitu zaidi ya kuimba.

Basi msimu ujao tuimbe, sawa. Lakini kabla ya kuimba tuulize: shule ya vijana iko wapi? Wachezaji wanalipwa na nani, na mpaka lini? Shabiki anayeuliza hivyo hajapoteza imani. Huyo ndiye anayetaka 2002 isiwe ya mwisho.