Salme binti Said na Mipaka ya Kujitambua

Mwaka 1886 ilichapishwa mjini Berlin, kwa Kijerumani, moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za mwanamke wa Kiarabu. Mwandishi alijulikana huko kwa jina la Emily Ruete. Kwetu ni Bibi Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alipendana na mfanyabiashara kutoka Hamburg, akatoroka mwaka 1866 akiwa mjamzito, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata, kisha akahamia Ujerumani. Kwa wengine yeye ni shujaa wa mapenzi na uhuru, kwa wengine ni mwana aliyeutupa ukoo na dini. Pande zote mbili zinampima kwa mume aliyemchagua, na maandishi yake zinayapita haraka. Nataka kuyashika maandishi hayo, kwa sababu yanaonyesha jambo zito: mtu anaweza kuitambua nafsi yake kwa upande wa jinsia, akaitetea kwa hoja madhubuti, na hoja ileile ikamsaidia kuwanyamazisha watu wengine.

Mwanzo wa kujitambua kwake ni kalamu. Watoto wa kike wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Tendo hili lilimpeleka mbali. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumwondoa Sultani wa wakati huo, Majid, mwandishi wa barua za wenye njama alikuwa msichana wa miaka 15. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akiwa ameudhi upande wenye nguvu. Elimu aliyoipata kwa siri ilimtia katika siasa kabla haijamtia katika fasihi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumrudisha kwenye ukimya uliotarajiwa kwa mtoto wa kike.

Sehemu yenye utajiri zaidi, kwa maoni yangu, ni picha ya rangi ndani ya jumba lenyewe. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Alitekwa vitani angali mtoto, akatenganishwa na ndugu zake, akaletwa katika nyumba ya Said. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana ni mwungwana, na watoto wote wa Said walikuwa na hadhi ya baba yao. Lakini Salme mwenyewe anatueleza kwamba masuria wa Kicherkesi, wakijua thamani waliyopewa kwa weupe wao, hawakupenda kula pamoja na masuria wa Kihabeshi. Nao watoto wa mama wa Kihabeshi waliwakejeli ndugu zao kwa kuwaita paka, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Basi rangi ilikuwa imo sebuleni na mezani, katikati ya ndugu wa baba mmoja. Salme anayasimulia haya kwa wepesi, kama utani wa utotoni, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kusimama. Binti huyu alizaliwa na mwanamke aliyenunuliwa. Angeweza kuuliza ni nini kilichomtofautisha mama yake na mjakazi mweusi aliyebeba maji. Hakuuliza.

Hamburg ilimgeuza kuwa rangi yeye mwenyewe. Katika barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, tunakutana na mwanamke anayekodolewa macho na kualikwa ili watu wamwone. Ni Mkristo kwa cheti, ambaye moyo wake haukupata pa kusali. Mumewe alifariki mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Sheria ya pale haikumwamini mjane kusimamia mambo ya watoto wake bila walezi wanaume. Mwanamke aliyekuwa na mashamba yake mwenyewe Unguja, akayasimamia, aligundua kwamba Ulaya iliyojiita mkombozi wa wanawake ilimpa mamlaka madogo kuliko aliyokuwa nayo nyumbani. Kurasa hizo ni kali na za kweli, nami nazihesabu kuwa miongoni mwa maandishi bora ya upweke yaliyoandikwa na mtu wa pwani yetu.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja yake kuu. Katika sura anayoeleza hali ya wanawake wa Mashariki, anawaambia wasomaji wa Ulaya kwamba wanawasema watu wasiowajua. Mgeni anapita wiki chache bandarini, haingii ndani ya nyumba yoyote, kisha anarudi kwao kuandika kitabu. Yeye aliyezaliwa ndani ndiye mwenye haki ya kusema. Hoja hii ni ya haki, na wanawake wa Afrika na Asia wameirudia kwa karne nzima baada yake, kila walipoona mtu wa mbali akijitwika kazi ya kuwaeleza.

Kisha inakuja sura ya utumwa, na hoja ni ileile. Wazungu hawaelewi. Watumwa wa Unguja, anadai, wanatendewa kwa upole, Mwafrika ni mvivu na hafanyi kazi bila kushurutishwa, na wanaopigania kukomesha utumwa wanavuruga jamii wasiyoijua. Sauti ya mwenyeji inayomsahihisha mgeni imebaki vilevile, ila sasa mwenyeji huyu anawasemea watu ambao hawakupata kalamu wala mfupa wa kuandikia. Alipowatetea wanawake alizungumza kuhusu hali aliyoiishi. Alipoutetea utumwa alizungumza kuhusu hali waliyoiishi wengine kwa ajili ya raha yake, lakini akatumia mamlaka yaleyale ya shahidi.

Kuna watakaosema kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Jibu hilo halinitoshi. Kaka yake Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873, miaka 13 kabla ya kitabu kutoka. Mjadala ulikuwa wazi, naye aliujua na akachagua upande. Naona sababu iko ndani ya muundo wa tawasifu yenyewe. Salme alikuwa amepoteza nchi, dini na mume, na ndugu zake walimkataa. Mwaka 1885 Bismarck alimtumia kama kisingizio, akarudishwa Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, na Barghash akakataa kumwona. Kilichombakia cha kumfanya awe mtu mbele ya Wajerumani waliomtazama kama kioja ni utukufu wa nyumba ya baba yake. Nyumba hiyo, pamoja na mashamba yake ya karafuu, ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Kukiri hivyo kungeibomoa nafsi aliyokuwa akiijenga kwa shida ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo maana siuoni utetezi ule kama doa la pembeni katika kitabu kizuri. Ni mojawapo ya nguzo zake.

Siti binti Saad anatoa kipimo kingine. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu, akaingia mjini, akawa mwimbaji. Taarabu iliyotukuzwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Hakuacha tawasifu. Maisha yake tunayasoma katika wasifu alioandika Shaaban Robert, mwanamume aliyempenda na kumheshimu, lakini aliyemtaka awe kielelezo cha maadili. Hata hivyo nyimbo zake zinasema. Katika wimbo wa Kijiti alilalamikia mahakama ambayo katika kesi ya mwanamke aliyeuawa ilimwacha mhalifu atoroke na kuwaadhibu wanawake wenzi wa marehemu. Hapa jinsia na unyonge wa tabaka vimeonwa kwa jicho moja. Siti hakuwa na jumba la kulinda, kwa hiyo kumtaja aliyedhulumiwa hakukumpunguzia kitu.

Mwaka 2019 uwanja mmoja mdogo wa Hamburg ulipewa jina la Emily Ruete, kisha uamuzi huo ukafutwa watu walipoisoma upya sura ya utumwa. Naelewa uamuzi huo wa Hamburg, kwa kuwa kibao cha mtaa ni heshima. Katika madarasa yetu ya fasihi kazi ni nyingine. Sura ya elimu yake ya siri isifundishwe peke yake, kama inavyofanyika mara nyingi kwa sababu inapendeza. Ifuatwe na ile ya utumwa, siku ileile ikiwezekana, na wanafunzi waulizwe ni nani katika nyumba aliyoishi aliyeutunza ule mfupa wakati binti wa Sultani amelala, na kwa nini hatulijui jina lake.