Kiti cha Julian Bond

Kiti cha baraza la kutunga sheria kina wadai wawili. Mpiga kura husema kiti ni chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtuma mjumbe; baraza nalo husema kiti ni chake, kwa kuwa kimo ndani ya nyumba yake na mlango wa nyumba una bawabu. Siku nyingi madai haya mawili hukaa pamoja bila ya ugomvi. Ugomvi huzuka siku ambayo wapiga kura humtuma mtu ambaye baraza halimtaki. Siku hiyo ilifika katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 10 Januari 1966, na aliyezuiliwa mlangoni alikuwa kijana wa miaka 25, jina lake Julian Bond.

Georgia haikuwa ngeni katika tendo hilo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865 na kuvunja utumwa, watu weusi walipata haki ya kupiga kura, na mwaka 1868 baadhi yao waliingia katika baraza la jimbo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wajumbe wazungu, kwa wingi wao, waliwafukuza. Hoja yao ilikuwa kwamba katiba ilimpa mtu mweusi haki ya kuchagua, lakini haikumpa haki ya kuchaguliwa. Henry McNeal Turner, kasisi na mjumbe, alisimama akawaambia kuwa hatajidhalilisha kwao wala hatawaomba kitu kilicho haki yake. Serikali ya Marekani iliingilia kati, na waliofukuzwa wakarudishwa mwaka 1870. Lakini ushindi huo haukudumu. Kwa kodi ya kura, kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho, majina ya watu weusi yalifutwa kidogo kidogo katika madaftari ya wapiga kura. Tangu mwaka 1907 hapakuwa na hata mtu mweusi mmoja katika Baraza la Wawakilishi la Georgia.

Julian Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940, katika nyumba ya vitabu. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mwanachuoni, na mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichosoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Kijana alisoma katika shule ya Waquaker, watu ambao dini yao hukataza vita, kisha akaingia Chuo cha Morehouse katika Atlanta. Hapo ndipo masomo na dunia vilipogongana. Mwezi wa Machi 1960 yeye na wenzake walikwenda kukaa katika mikahawa iliyowakataza watu weusi, naye akakamatwa katika mkahawa wa jumba la halmashauri ya mji, jumba lililojengwa kwa kodi za wote. Mwaka ule ule kilizaliwa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa herufi zake SNCC. Bond akawa msemaji wake: yeye ndiye aliyeandika taarifa na kuzungumza na waandishi wa magazeti. Aliacha chuo kwa ajili ya kazi hiyo, akarudi kumaliza shahada yake miaka kumi baadaye.

Atlanta ya siku zile ilijisifu kuwa mji wenye shughuli nyingi mno hata hauna nafasi ya chuki. Mwezi wa Desemba 1963 Oginga Odinga, waziri wa Kenya iliyokuwa imepata uhuru mwezi ule ule, alifika huko kwa ziara. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumsalimu. Walipotoka wakaingia katika mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakagoma kuondoka, wakatiwa mbaroni. Mgeni kutoka Afrika alipokewa kwa heshima, na wenyeji wenye rangi kama yake wakalala gerezani.

Mlango wa baraza ulifunguliwa kwa hesabu. Kwa kanuni za zamani za Georgia, kaunti 8 kubwa zilikuwa na wajumbe 3 kila moja, kaunti 30 zilizofuata wajumbe 2, na kaunti 121 zilizobaki mjumbe 1. Kwa hiyo mji wenye mamia ya maelfu ya watu ulishinda kijiji kwa viti viwili tu. Mahakama za Marekani, katika hukumu zilizotolewa tangu mwaka 1962, ziliamua kuwa kura ya mtu mmoja lazima iwe na uzito sawa na ya mwenziwe. Georgia ililazimika kuchora mipaka upya, na mwaka 1965 uchaguzi wa pekee ulifanywa. Bond alisimama katika wilaya ya 136 ya Atlanta, mahali pa watu weusi, wengi wao maskini. Alipita nyumba kwa nyumba akawauliza watu walitaka mjumbe wao afanye nini. Walizungumza juu ya mishahara na nyumba. Mwezi wa Juni akashinda kwa kura 82 katika kila 100. Yeye na wenzake waliochaguliwa mwaka huo walikuwa watu weusi wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi la Georgia kwa muda wa miaka karibu sitini.

Kabla ya kuapishwa, damu ilimwagika. Tarehe 3 Januari 1966, katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kijana wa SNCC aitwaye Sammy Younge, aliyekuwa ametumikia jeshi la maji la Marekani, alipigwa risasi akafa katika kituo cha petroli, baada ya ugomvi juu ya choo kilichotengwa kwa wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko. Lilifananisha kifo cha Younge na vifo vya wakulima wa Vietnam, likasema kuwa serikali isiyolinda uhuru wa raia wake haiwezi kudai kuwa inapigania uhuru wa wengine ng'ambo, na likawaonea huruma vijana waliokataa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa habari alimpigia simu kumwuliza kama aliliunga mkono. Angaliweza kusema hajalisoma vema. Angaliweza kunyamaza siku nne tu mpaka aape. Alijibu kuwa aliliunga mkono.

Wajumbe 75 waliandika madai kwamba mtu huyu hawezi kuapa kwa moyo safi kuilinda Katiba. Tarehe 10 Januari karani wa baraza alimwambia akae kando wenzake walipokuwa wakiapishwa. Kisha kamati ikamhoji, na sauti yake iliyonaswa katika mazungumzo na mwandishi ikachezwa mbele ya watu. Bond alisema kuwa haamini vita. Kuwa anaustahi ujasiri wa mtu achomaye kadi yake ya kuitwa jeshini, kwa sababu mtu huyo anajua adhabu inayomngoja. Lakini yeye mwenyewe hakuichoma yake wala hajamshauri mtu kufanya hivyo. Alikuwa tayari kuapa. Baraza lilipiga kura: wajumbe 184 walimkataa, 12 walimkubali.

Tofauti kati ya mwaka 1868 na 1966 inastahili kuangaliwa kwa makini. Wajumbe wa kwanza walifukuzwa kwa rangi yao, na waliowafukuza walisema hivyo waziwazi. Bond alikataliwa kwa maneno yake, na waliomkataa wakaapa kuwa rangi haikuhusika, kwani weusi wengine waliapishwa siku ile ile. Hoja mpya ilikuwa na hila kuliko ya zamani. Ilimwambia mtu mweusi: ingia, ila ulimi wako uuache nje. Na mjumbe asiye na ulimi ni kiti tu juu ya kiti.

Bond alikwenda mahakamani. Martin Luther King, aliyekuwa mpiga kura wa wilaya ile ile, aliungana naye katika madai, kwa maana aliyeporwa hakuwa Bond peke yake. Majaji watatu wa mahakama ya chini waligawanyika, wawili wakalipa baraza haki. Wakati huo uchaguzi mdogo uliitishwa kujaza kiti kilichoachwa wazi. Watu wa wilaya ya 136 wakamchagua Bond tena, na baraza likamkataa tena. Mwezi wa Novemba 1966 wakamchagua mara ya tatu. Katika muda wa miezi kumi na saba maskini wa Atlanta walikuwa wametoa jibu lile lile mara tatu kwa swali lile lile.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, majaji wote tisa kwa sauti moja. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kuwa kiapo cha kuilinda Katiba hakiwapi walio wengi ruhusa ya kupima moyo wa mwenzao kwa kuangalia maoni yake. Jimbo lilikuwa limekubali kuwa raia wa kawaida hawezi kuadhibiwa kwa maneno kama yale, lakini likadai kuwa mjumbe hufungwa na sharti kali zaidi. Mahakama ililipindua dai hilo: mjumbe ndiye ahitajiye uhuru mpana wa kusema, ili waliomtuma wajue anasimama wapi.

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake, mwaka mmoja kamili tangu alipokataliwa, baraza lile lile lilipewa kazi ya kumchagua gavana, kwa sababu hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wananchi. Lilimchagua Lester Maddox, mtu aliyepata sifa mwaka 1964 kwa kuwafukuza wateja weusi katika mkahawa wake. Nyumba iliyomwona Bond hafai kuapa haikuona taabu kumkabidhi Maddox jimbo zima.

Mwaka 1968 Bond aliongoza ujumbe uliopinga ujumbe rasmi wa Georgia katika mkutano wa chama cha Demokrati huko Chicago, akapata nusu ya viti. Hapo jina lake likatajwa kwa umakamu wa rais; akalitoa mwenyewe, kwa kuwa Katiba hutaka miaka 35 naye alikuwa na 28. Baada ya sifa hizo ilifuata kazi isiyo na ngoma wala tarumbeta: miaka minane katika Baraza la Wawakilishi, kisha tangu 1975 miaka kumi na miwili katika Seneti ya jimbo. Kazi kubwa ya miaka hiyo ya mwisho ilikuwa ya mipaka. Alidai Atlanta ichorewe wilaya ya Bunge la Marekani ambayo watu weusi wangeweza kumchagua wamtakaye, na mwaka 1982 mahakama ya Washington ikaukataa mpango wa jimbo kwa kuuona umekusudia ubaguzi. Mipaka ikachorwa upya.

Mwaka 1986 kiti cha wilaya hiyo kilipokuwa wazi, Bond alikitaka. Mshindani wake alikuwa John Lewis, rafiki wa tangu siku za SNCC, mwana wa wakulima wa Alabama aliyepigwa hata akavunjika fuvu katika maandamano ya Selma mwaka 1965. Bond alitangulia katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili, mwezi wa Septemba, Lewis alishinda kwa kura 52 katika kila 100. Wengi wa wapiga kura weusi walimpa Bond. Wengi wa wazungu walimpa Lewis. Na urafiki wa miaka ishirini na mitano ukajeruhiwa. Wilaya aliyoipigania ilimchagua mwingine.

Safari hii hapakuwa na mahakama ya kukimbilia. Kanuni iliyomrudishia kiti mwaka 1966 ndiyo iliyomnyima kingine miaka ishirini baadaye: kiti ni cha wapiga kura, nao hukitoa wapendavyo. Bond alitoka katika siasa za uchaguzi, akafundisha katika vyuo vikuu, na tangu 1998 hata 2010 akawa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha haki za watu weusi. Alifariki tarehe 15 Agosti 2015.

Mwezi wa Aprili 2023, huko Nashville alikozaliwa, baraza la Tennessee liliwafukuza vijana wawili weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuvunja utaratibu wa kikao walipodai sheria juu ya bunduki baada ya watoto kuuawa shuleni. Kabla ya wiki kwisha halmashauri za kwao ziliwarudisha, na mwezi wa Agosti wapiga kura wakawathibitisha. Bawabu bado yupo mlangoni. Na wenye kiti, kila wanapoulizwa, hujibu kama walivyojibu wa wilaya ya 136.