Rwanda: Njia ya baiskeli ya Kongo-Nile na mabonde yake

Njia ya Kongo-Nile, inayofuata ukingo wa Ziwa Kivu magharibi mwa Rwanda kutoka Rubavu hadi Rusizi, ina urefu wa kilomita 227. Mwendesha baiskeli aliyezoea tambarare za Shinyanga au barabara za pwani huweza kuusoma umbali huo kwenye ramani na kuupangia siku mbili. Wengi huumaliza kwa siku tano, na waendao kwa miguu huhesabu kumi. Sababu ni umbile la nchi yenyewe.

Jina la njia limetokana na safu ya milima inayogawa maji ya Rwanda. Mvua inayonyesha magharibi mwa safu hiyo huteremkia Ziwa Kivu, hupita Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ile inayonyesha mashariki hukusanywa na Mto Nyabarongo, ambao hukutana na Akanyaru na kuwa Akagera, mto ambao Watanzania huuita Kagera. Maji hayo huingia Ziwa Victoria na hatimaye kushika njia ya Mto Nile. Vilima viwili vinavyotazamana vinaweza, kwa hiyo, kupeleka maji yake kwenye bahari mbili tofauti.

Licha ya jina lake kubwa, njia hiyo haipiti kwenye kilele cha safu. Sehemu yake kubwa hubaki upande wa ziwa, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Vijito na mito midogo hushuka kutoka milimani kuelekea magharibi, ilhali msafiri anaelekea kusini. Kila bonde humkata njia. Hushuka hadi kwenye daraja, hupanda hadi kwenye mgongo wa kilima, huliona ziwa kwa dakika chache, kisha hushuka tena. Hakuna mwinuko mmoja unaotisha kwa urefu wake. Kinachochosha ni idadi. Kwa anayetoka pwani hewa nayo huongeza mzigo, kwa kuwa katika kimo hicho shinikizo lake limepungua kwa zaidi ya asilimia 15 likilinganishwa na la usawa wa bahari.

Lami na vumbi

Katika muongo uliopita barabara ya Rubavu, Karongi na Rusizi iliwekwa lami, na safari ya baiskeli ikabadilika. Kusini mwa Karongi, mji ambao wazee bado wanauita Kibuye, lami imefunika sehemu kubwa ya njia ya zamani. Kaskazini mwake barabara mpya imepanda juu kupitia Rutsiro, na njia ya vumbi imebaki chini karibu na maji, ikipita Kinunu na Musasa. Msafiri analazimika kuchagua. Lami ina kasi na mandhari mapana, lakini ina malori na miinuko mirefu. Njia ya vumbi ina mawe, na mvua ikinyesha huwa tope zito linaloziba magurudumu. Hata hivyo, ndiyo inayopita kwenye mashamba ya kahawa na migomba, na kando ya vituo vya kuoshea kahawa kama kile cha Kinunu. Mwenye siku za kutosha hana sababu nzuri ya kuikwepa.

Jioni, kwenye ghuba za ziwa, huonekana mitumbwi iliyounganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Wavuvi wake hupiga makasia huku wakiimba, wakienda kuvua sambaza kwa mwanga wa taa. Msafiri kutoka Kigoma akiletewa sahani ya sambaza atawatambua mara moja: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ziwa hilo lilikuwa na samaki wachache. Chini ya maji hayo kuna gesi ya methani iliyoyeyuka kwa wingi mkubwa, na karibu na Karongi kuna mtambo unaoivuta ili kuzalisha umeme.

Kwenye vilima vya juu ya Karongi iko Bisesero. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia huko na kujitetea kwa mawe, mikuki na fimbo dhidi ya wauaji wenye bunduki. Wengi wao waliuawa. Eneo hilo ni kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2023 liliingizwa pamoja na kumbukumbu nyingine tatu katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Barabara ya kufika huko ni ya mwinuko mkali. Anayeipanda kwa baiskeli hupata muda wa kutosha wa kutambua kwa nini watu waliokuwa wakiwindwa waliichagua miinuko hiyo.

Mvua na maporomoko ya ardhi

Miinuko hiyohiyo ina hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha ardhi na kufurika mito magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Wilaya za Rutsiro, Karongi na Rubavu zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mto Sebeya, ambao msafiri huukuta karibu na Rubavu, ulivamia makazi. Tangu hapo, ushauri wa kutosafiri wakati wa masika si suala la kuepuka usumbufu tu. Miezi ya Juni hadi mwanzoni mwa Septemba ndiyo yenye ukavu wa kutegemewa. Aprili na Mei si miezi ya kulala bondeni katika eneo hilo. Aprili pia ni wakati wa maombolezo, ambayo huanza rasmi tarehe 7, na shughuli nyingi za burudani husitishwa katika wiki hiyo.

Baiskeli ya kazi

Mgeni mwenye gia ishirini hatakuwa peke yake barabarani. Abanyonzi, yaani waendesha baiskeli wa kubeba abiria na mizigo, wako karibu kila mji wa Rwanda, wengi wakiwa na baiskeli nzito za gia moja. Wakifika mlimani hushuka na kusukuma, bila aibu yoyote, na mgeni anafaa kuwaiga. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, mzigo huo hubebwa pia na chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na kanyagio, ambacho kimesimamishiwa hata sanamu. Uwepo wa watu hao una faida ya moja kwa moja kwa msafiri, kwani palipo na abanyonzi hapakosi fundi mwenye viraka, pampu na cheni. Vipuri vya breki za diski ni jambo jingine; hivyo ni bora kuvibeba kutoka nyumbani, pamoja na pedi za akiba, kwani miteremko mirefu huzila upesi.

Kwa upande wa mashindano, ziara ya kila mwaka ya Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Katika mbio kuu za wanaume, zenye kilomita 267.5, walioanza walikuwa zaidi ya 140 na waliomaliza walikuwa 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Vilima vilivyowachosha mabingwa hao ni vya aina ileile anayopanda mnyonzi mwenye abiria nyuma.

Mpaka, sheria na lugha

Msafiri anayeingia kutoka Tanzania kupitia Rusumo hubadili upande wa barabara: Rwanda huendesha kulia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mpakani hukaguliwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi hiyo usafiri husimama hadi kazi iishe. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Kinasikika zaidi Rubavu na Rusizi, miji ya mpakani, kuliko vijijini kati ya miji hiyo, ambako maamkizi ya Kinyarwanda hufungua milango haraka zaidi.

Miji hiyo miwili inapakana na Goma na Bukavu, ambazo zilitekwa na waasi wa M23 mwezi Januari na Februari 2025. Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Hali ya mipaka hiyo hubadilika, na taarifa zake zinapaswa kutafutwa kabla ya siku ya safari, si njiani.

Kwa anayefika Kamembe na kutaka kurudi Kigali kwa baiskeli, safu aliyoikwepa kwa kilomita 227 inamsubiri. Barabara ya kuelekea Huye hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 ndani ya msitu wa Nyungwe, wenye sokwe na kima wa aina nyingi, ambao nao uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2023. Katika msitu huo huanzia Mto Rukarara, unaotajwa na baadhi ya wavumbuzi kuwa chanzo cha mbali zaidi cha Nile. Maji yake hufika Nyabarongo, kisha Akagera, na huko Rusumo hupita katika mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania.