Beni: Gwaride Lililokuwa Shindano la Maneno

Waulize vijana wa Karatu maana ya neno "beni", watakutajia jina la mtu, kifupi cha Benjamini. Hawana kosa. Ngoma iliyoitwa beni imekwisha kutoweka katika mazungumzo ya watu wa huku kwetu. Na bado, tangu miaka ya 1890, kwa muda wa nusu karne hivi, hakuna ngoma iliyotembea mbali kuliko hiyo katika nchi za Afrika Mashariki, wala iliyobeba Kiswahili kwa furaha kuliko hiyo.

Neno lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Wacheza beni walivaa sare, wakajipanga mistari, wakapiga kwata nyuma ya ngoma kubwa na tarumbeta. Waliokosa bunduki walichonga za mti. Walikuwa na vyeo: Kingi, Kaizari, Gavana, Jenerali, Kepteni, hata Daktari. Mzungu aliyewatazama akasema, wananiiga. Wasomi wetu wengi wa baada ya Uhuru nao wakasema hivyo hivyo, ila kwa uchungu: huo ni utumwa wa fikra. Nimefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu. Naipinga.

Tuanze Mombasa na Lamu. Zamani sana kabla ya tarumbeta kufika, miji ya Waswahili ilikwisha kuwa miji ya mashindano. Mtaa ulishindana na mtaa, chama cha ngoma na chama cha ngoma. Na silaha ya mashindano hayo, pamoja na mavazi na karamu, ilikuwa shairi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu miji yao ilipohasimiana. Beti zilivuka bahari, na zilipofika ilibidi zijibiwe. Asiyejibu ameshindwa.

Ndani ya desturi hiyo ndimo ilimoingia shaba. Zanzibar, mahakamani kwa Sultani Barghash na warithi wake, palikuwa na bendi ya wanamuziki Wagoa. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika kijiji cha Frere Town walikowekwa watumwa walioachiwa huru, vijana wa misheni walikuwa na bendi yao. Manowari za Waingereza zilitia nanga na wapiga tarumbeta wake. Watu wa mitaa walisikiliza, kisha wakatwaa. Mombasa pakainuka vyama viwili mahasimu, Kingi na Scotchi. Hawa wa pili walichukua jina na mbwembwe kutoka kwa askari wa Uskochi. Kingi akichinja ng'ombe, Scotchi hulazimika kuchinja zaidi. Kingi akipita na wimbo wenye kijembe, wiki haikwishi kabla ya jibu kupita njia ile ile, chini ya madirisha yale yale. Nani ataniambia kwamba huko ni kuiga? Tarumbeta ilikuwa ngeni, lakini shindano lilikuwa la nyumbani.

Wamarekani wana mashindano ya vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, ambayo tangu mwaka 1972 yana ubingwa wao wa kitaifa. Mashabiki wao hubishana bila kuchoka ni onyesho lipi lililokuwa bora kuliko yote. Huko majaji hutoa alama kwa sauti na kwa unyoofu wa mistari. Katika beni jaji alikuwa mji mzima, na alama zilikuwa kicheko. Nami nikiulizwa onyesho kubwa kuliko yote katika historia ya beni, sitataja siku moja wala mji mmoja. Nitataja ushindani wa Marini na Arinoti.

Hivyo ndivyo vyama viwili vilivyoshika Tanganyika wakati wa Wajerumani, kuanzia miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam. Marini walijiona waungwana: watu wa pwani, wenye kusoma, makarani na wenye kazi safi. Arinoti mwanzoni walikuwa watu wa bara waliokwenda pwani kutafuta ujira, wapagazi na vibarua, na Marini waliwadharau waziwazi. Tazama jambo hilo kwa jicho la mtu wa bara kama mimi. Mpagazi aliyeitwa mshenzi alipewa, au tuseme alijipa, cheo, sare na mstari wa kusimama. Kisha akatakiwa ajibu matusi ya muungwana kwa Kiswahili, kwa wimbo, mbele ya mji. Ili ajibu ilimbidi aimudu lugha. Vyuo vya ualimu, pamoja na hicho kilichonifundisha mimi, havijawahi kubuni mtihani mkali namna hiyo.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Askari wa pande zote mbili walicheza beni, na wapagazi waliowabebea mizigo waliijua. Huku kaskazini majeshi ya Waingereza yalipita Arusha na kushuka Kondoa mwaka 1916, na katika bonde la Ngorongoro mashamba ya walowezi wa Kijerumani yakaachwa. Maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Waliosalimika walirudi makwao na vitu vichache sana. Kimojawapo kilikuwa beni. Vita ilipokwisha, Marini na Arinoti walikuwa na matawi mbali kabisa na bahari, na mgeni aliyefika mji asioujua alipokewa na wenzake wa chama, akalishwa, na akifa akazikwa.

Serikali ya Waingereza ilitiwa hofu na jambo hilo. Wapelelezi waliulizana: watu hawa wanaoandikiana barua toka mji hadi mji, wenye majenerali na magavana wao, wanapanga nini? Mwaka 1935, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na watu sita wakauawa kwa risasi pale Luanshya. Tume iliyochunguza ilitumia muda wake ikihoji mashahidi juu ya mbeni, kama walivyoiita huko. Ngoma ilikuwa imekaribia kuwekwa kizimbani.

Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni, kikatoka mwaka 1975. Nakala niliyoisoma mimi ilikuwa imechakaa hata jalada limeshonwa kwa uzi. Ni yeye aliyeonyesha kwa uthabiti kwamba beni iliota katika shina la mashindano ya kale ya pwani. Ninamshukuru. Hata hivyo, kilio changu ni kingine, nacho ni cha mtu wa lugha. Afisa wa kikoloni aliyeketi kuandika ripoti aliona kofia, akaona vyeo, akaona bunduki za mti. Maneno yalimpita kama upepo, kwa sababu hayakuwa kazi yake. Kwa hiyo tunaijua sana sare ya Arinoti, na tunazijua kidogo mno beti zao.

Huku kwetu nyanda za juu chanzo cha muziki ni tofauti. Wamasai wa Ngorongoro hawana ngoma ya kupigwa kwa jadi yao. Koo na mruko vinawatosha. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hucheza epeme yao katika giza la usiku usio na mwezi, kwa kengele za mguuni na manyanga. Tarumbeta zililetwa kaskazini na wamisionari wa Kilutheri waliofundisha Wachaga kuzipuliza kanisani, na ndizo hizo ambazo leo hutangulia maharusi juu ya pikapu katika barabara ya Karatu. Ni muziki mzuri, nami huufurahia. Lakini haumjibu mtu. Hupita, hushangiliwa, hulipwa, huondoka.

Mahali pengi ambapo beni ingali hai, imebadili jina. Rhodesia ya Kaskazini ilizaa kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliiandika mwaka 1956: vijana waliovaa nadhifu, mfalme wao, daktari wao, na mwanamke mmoja mwenye vazi jeupe la muuguzi akiwafuta jasho kwa leso, huku nyimbo zikisifu kabila lao na kuyatania mengine. Kandokando ya Ziwa Nyasa iko mganda, pamoja na malipenga ambayo badala ya shaba hupulizwa kwa vibuyu. Chuoni nilisoma na vijana wawili kutoka huko. Jumamosi jioni walipanga wenzao mistari miwili uwanjani, kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakapiga hatua kwa utaratibu uliowashinda hata walimu wetu wa mgambo. Mmoja alikuwa kiongozi wa nyimbo. Alitunga papo hapo, juu ya uji wa bwalo, juu ya bweni la jirani, na wale wa bweni la jirani walikuwa na wiki nzima ya kutafuta jibu.