Risasi za magnum: Kwa nini sheria hupima risasi kwa ukubwa wa mnyama

KILA ifikapo Julai 1, siku ambayo msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa nchini, wageni huanza kushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) wakiwa na bunduki na maboksi ya risasi. Wengi hupitia jijini Arusha kabla ya kuelekea kwenye vitalu vya Longido, Monduli na Ziwa Natron.

Katika maboksi hayo neno moja hujirudia: magnum. Si jina la kiwanda wala la bunduki. Lilianza kama jina la chupa kubwa ya mvinyo, na watengenezaji wa silaha wa Uingereza wakalichukua kuitambulisha risasi yenye ganda kubwa na baruti nyingi kuliko risasi nyingine za kipenyo hicho hicho.

Risasi ya bastola na ya bunduki

Kuna magnum za aina mbili. Ya kwanza ni ya bastola ya rivolva. Ile ya .357 ilitoka Marekani mwaka 1935, na ya .44 ikafuata mwaka 1955. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo inaruhusiwa kuwinda ayala kwa bastola za namna hii, na wawindaji wengi huko huunda risasi zao wenyewe nyumbani.

Ayala, mnyama anayetajwa katika Biblia ya Kiswahili, haishi porini Afrika Mashariki. Barani Afrika jamii yake ya asili inapatikana kaskazini tu, katika Algeria na Tunisia. Pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka, tofauti na za pongo wa misitu ya Mlima Meru, ambazo hudumu maisha yote.

Magnum ya pili ni ya bunduki ndefu. Inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni .375, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Ganda lake refu, lililochongoka taratibu, lilifaa kwa nchi za joto, kwa kuwa baruti ikipata joto kali huongeza mgandamizo, na ganda la namna hiyo hutoka kwenye bunduki bila kukwama.

Tofauti ya nguvu ni kubwa. Risasi ya .44 yenye uzito wa gramu 15.5 hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 420 kwa sekunde, sawa na nishati ya jouli 1,400 hivi. Ile ya .375 yenye gramu 19.4 huenda mita 770 kwa sekunde, na nishati yake hukaribia jouli 5,750, yaani mara 4.

Ayala wa Marekani mwenye mkia mweupe ni nadra kuzidi kilo 150. Nyati dume hufikia kilo 700 au zaidi. Kinachotosha kwa mmoja humjeruhi tu mwingine, na ndiyo maana .375 imekuwa kiwango cha chini kinachokubalika nchini kwa kuwinda wanyama hatari kama nyati, tembo na simba.

Risasi inavyoundwa

Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti, na kichwa ambacho ndicho kinachoruka. Anayeiunda kwa mkono huchukua ganda lililokwisha kutumika, hulirudishia umbo lake kwa mashine, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani na kushindilia kichwa.

Faida yake ni kwamba kila risasi hufanana na mwenziwe, hivyo hupiga mahali palepale. Lakini kosa dogo lina gharama. Baruti ya bastola huungua haraka. Ikijazwa kwenye ganda la bunduki kubwa huweza kupasua mtutu usoni mwa mpigaji.

Gobore na majeraha yake

Nchini, risasi ya kujiundia inajulikana zaidi kwa sura ya gobore. Mwenye silaha hiyo humimina baruti mdomoni mwa mtutu kwa kukadiria, huishindilia kwa ufito, kisha hutia gololi au vipande vya nondo. Hakuna mizani, na hakuna shuti linalofanana na lililotangulia.

Matokeo yake ni mnyama anayeondoka na vyuma mwilini. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani na huweza kumvamia yeyote anayepita. Mara nyingi anayekutana naye si aliyempiga, bali mchungaji au mama aliyekwenda kutafuta kuni.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inamtaka anayemjeruhi mnyama hatari afanye kila awezalo kummaliza, na akishindwa atoe taarifa. Katika uwindaji wa kitalii mzigo huo humwangukia mwindaji bingwa, ambaye hufuata damu hadi mwisho. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo imeuzunguka Mlima Meru, uwindaji wa aina yoyote ni marufuku.

Kwa upande wa silaha, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991, inakataza kutengeneza silaha au risasi bila kibali. Hivyo kazi ambayo Mmarekani huifanya kama burudani mezani kwake, kwa mkazi wa Arusha asiye na kibali ni kosa la jinai.

Anayetaka kuwinda kihalali huhitaji leseni ya silaha, leseni ya uwindaji na risasi inayolingana na mnyama aliyetajwa kwenye leseni hiyo. Hilo la mwisho ndilo linaloamua kama mnyama ataanguka pale pale, au atabaki porini na jeraha akimsubiri mpita njia.