Mafuriko ndiyo yaliyopanda msitu wa bondeni

Ndugu mkulima, ukitoka Madale ukashuka kuelekea bonde la Mto Mpiji, ule unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, tazama miti inavyobadilika njiani. Juu kuna miti ya nchi kavu. Ukishuka unakuta mikwaju, halafu mikuyu na mikindu, na kwenye mchanga ulioletwa na masika iliyopita yameota matete tu. Wengi wanadhani mimea ya bondeni ni mingi kwa sababu kuna maji. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba maji hayo hayatulii.

Kila mti una siku zake za kuvumilia mizizi kuzama. Mkuyu huvumilia, mbuyu huoza. Kwa hiyo tofauti ya mita moja tu ya mwinuko inatosha kubadilisha aina ya miti. Tena mto hula ukingo mmoja na kumwaga mchanga na tope ng'ambo ya pili. Ardhi hiyo mpya haina kivuli, ndipo mbegu zinazotaka jua hupata nafasi. Baadaye vivuli hukua, nazo mbegu zinazopenda kivuli zinafuata, nyingine zikiletwa na maji, nyingine na ndege na nyani waliokula makuyu. Bonde moja linakuwa na ardhi ya mwaka jana, ya miaka kumi na ya miaka mia, na kila moja ina mimea yake. Mafuriko yakizidi, miche hung'olewa kila mwaka. Yakikoma, miti ya nchi kavu inashuka na kuchukua nafasi.

Wazee wa Rufiji walilijua hili kabla ya bwana shamba yeyote. Walipanda mpunga na mahindi wakisubiri maji, na maji yakishuka walipanda tena kwenye tope lenye unyevu, kilimo wanachokiita mlau. Walilinda mazao wakiwa juu ya madungu, vibanda vya miguu mirefu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na siibezi. Lakini rutuba ilibaki chini, na watu waliendelea kuteremka msimu hadi msimu kulima kule kule.

Kwa upande wa misitu, funzo kubwa liko kwa jirani zetu wa Kenya, kwenye Mto Tana. Sehemu za chini za mto ule, katikati ya nchi kame, kuna vipande vya msitu mnene vinavyoishi kwa maji ya mto. Mwaka 1976 eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi kwa ajili ya kolobasi mwekundu na jamaa zake, ambao hawapatikani kwingine. Hifadhi ilizuia shoka, ila haikuweza kuzuia kilichotokea juu ya mto. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, na Kiambere likafuata 1988. Watafiti waliofanya kazi huko miaka ya 1980 waliona kwamba baadhi ya miti huota tu kwenye mchanga mpya baada ya mafuriko. Mto ukitulizwa, miti mikubwa inaendelea kusimama miaka mingi na mtu anaona msitu uko salama, kumbe chini yake hakuna watoto wa kuirithi.

Sasa nasi tuna Bwawa la Nyerere pale Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa halimalizi mafuriko yote. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti walizama. Ila ratiba ya maji ya kila mwaka inabadilika, na mkulima wa mlau anaitegemea ratiba kuliko wingi.

Huku kwetu hakuna bwawa kubwa, lakini tuna malori ya mchanga. Mchanga ukichimbwa, mto unazama chini na mafuriko madogo hayapandi tena kwenye kingo. Kisima kifupi cha bustani yako ya mchicha kinakauka, na mikuyu inaanza kufa kuanzia juu. Mafuriko makubwa yanabaki vile vile. Majirani zetu wa Mabwepande waliohamishwa kutoka bondeni Msimbazi baada ya maafa ya Desemba 2011 hawahitaji kuambiwa hilo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hata bila sheria, usijenge wala usipande michungwa hapo. Acha mikuyu na mikindu. Wewe unayenunua ukindu wa mikeka, kubaliana na wakataji waache makuti machanga ya katikati, maana shina likikatwa kichwa halichipui.

Na masika yakiisha, shuka bondeni kabla alama ya tope haijaoshwa kwenye mashina. Pima urefu wake kwa kamba, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo misimu mitatu. Utajua mstari wa miembe yako uanzie wapi, na wapi uishie na matembele.